Majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutibu vidonda nyumbani

Maswali haya ni yale yanayorudiwa kila siku kwenye benchi la kusubiri kufungwa vidonda, ambako watu huulizana wenyewe kabla ya kumuuliza nesi. Kama una jeraha sasa hivi, anza na swali la 1. Kama mtu ameungua, ruka moja kwa moja hadi swali la 13. Kama ameumwa na mbwa au nyoka, nenda swali la 18 au la 19 bila kusoma mengine.

## Mambo ya msingi

1. Nimejikata. Nikisafishe kidonda na nini?

Maji safi yanayotiririka, na yawe mengi. Maji ya bomba mnayokunywa yanatosha. Kama maji yenu ni ya kisima, ya mto au ya dumu, yachemshe kwanza, yapoe. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa kidonda, kisha yamimine juu yake kwa dakika kadhaa mpaka mchanga na nyuzi za nguo vitoke. Sabuni pitisha kwenye ngozi inayozunguka. Ukimaliza, kausha pembeni kwa kitambaa safi, paka mafuta ya mgando kidogo, funika kwa plasta au shashi.

Watu wengi wakisikia hivyo wanauliza, "Halafu dawa?" Kwa mkato mdogo, hiyo ndiyo dawa. Vijidudu vinavyoozesha kidonda huingia pamoja na uchafu, na maji yanayotiririka huviondoa kwa wingi kuliko kitu chochote utakachopaka juu ya uchafu huo.

Nenda zahanati siku hiyohiyo kama kidonda ni kirefu au kinaachama, kama unaona mafuta ya ndani au mfupa, kama kiko usoni au juu ya kiungo, au kama vidole vya mbele yake vimekufa ganzi au havikunjiki. Kushona kunafanyika vizuri zaidi katika saa za mwanzo. Anayekuja siku ya tatu, akiwa amejaribu hiki na kile, mara nyingi hawezi tena kushonwa, kwa sababu kufunga mshono juu ya uchafu ni kuufungia usaha ndani.

2. Damu haikatiki. Niweke kahawa, ugoro au utando wa buibui?

Hapana. Damu hukatika kwa kugandamizwa. Chukua kitambaa safi, kikunje, kibane juu ya kidonda kwa kiganja, kwa nguvu, dakika 10 kamili bila kuchungulia. Hapo kwenye kuchungulia ndipo wengi wanapokosea: kila ukiinua kitambaa unabandua damu iliyokuwa imeanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, usitoe cha kwanza. Mkono au mguu uinue juu.

Kahawa na ugoro huonekana kusaidia kwa sababu anayeviweka huwa anabana pia. Kilichokata damu ni kule kubana, na unga unabaki ndani ukisubiri mtu wa kuja kuutoa chembe kwa chembe. Damu ikiruka kwa mapigo, endelea kubana huku mkitafuta usafiri.

3. Kidonda kiachwe wazi kikauke, au kifunikwe?

Kifunikwe. Imani kwamba kidonda hupona kwa kupigwa upepo na jua imekaa vichwani mwetu, hata mwa baadhi ya wahudumu wa afya. Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa Uingereza alionyesha, kwa majeraha ya nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kiliota ngozi mpya takriban mara mbili ya kasi ya kile kilichoachwa kikauke. Gamba gumu ni kizuizi, na ngozi mpya inalazimika kuchimba chini yake ili ipite.

Unyevu ninaousema ni ule wa mafuta ya mgando na bandeji safi. Bandeji iliyolowa usaha au maji machafu ibadilishwe mara moja.

4. Bibi yetu alitupaka majivu na sote tulipona. Tatizo liko wapi?

Vidonda vingi vidogo hupona vyenyewe. Mwili una kazi yake, na huifanya hata ukiusumbua. Kwa hiyo chochote utakachopaka kwenye mikwaruzo mia, mingi itapona, na sifa itakwenda kwa ulichopaka. Waliopata madhara hawapo kwenye hadithi hiyo: mtoto aliyekufa kwa pepopunda mara nyingi alisemwa kuwa amepatwa na degedege au amerogwa, na hakuna aliyeyataja majivu.

Bibi alitumia kilichokuwepo, tena kwa upendo. Zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima na hakukuwa na chanjo. Leo kipo kitu bora, na tukifanya kama yeye basi tumfuate hapo: tutumie kilicho bora kati ya vilivyopo.

5. Nitajuaje kwamba kidonda kimeingia vijidudu?

Maumivu ya kidonda kinachopona hupungua kila siku. Kilichoharibika hugeuka: maumivu yanaanza kupanda siku ya pili au ya tatu, uvimbe unaongezeka, kunakuwa na joto, usaha au harufu. Homa, mistari inayopanda mkononi au mguuni, na matezi yaliyovimba kwapani au kinenani ni dalili za kwenda hospitali leo, siyo kesho.

Vipeperushi vingi vinasema "angalia wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Unaweza kuona ngozi imekuwa nyeusi zaidi, ya zambarau, au inang'aa kwa kuvutika. Tumia mgongo wa mkono: linganisha joto la upande wenye kidonda na upande mzima. Minya taratibu pembeni uone kama pamekuwa pagumu. Kwa watu wa rangi yetu, mkono unaona kabla ya jicho.

## Vitu vinavyopakwa

6. Majivu, udongo na kinyesi cha ng'ombe vina ubaya gani hasa?

Ubaya wake mkubwa ni pepopunda. Bakteria wake, *Clostridium tetani*, hukaa udongoni na kwenye matumbo ya wanyama kama ng'ombe, farasi na mbuzi. Wakiwa nje hujifungia ndani ya ganda gumu na kuishi miaka mingi. Wakiingizwa kwenye kidonda kisichopata hewa, hasa kilichozibwa kwa tope, wanaamka na kutoa sumu inayoshika neva. Mgonjwa huanza kwa taya kukaza, kinywa hakifunguki, halafu shingo na mgongo vinapinda na misuli inakakamaa kwa maumivu makali hata kwa sauti ya mlango. Akili yake ni timamu muda wote huo. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 3 na 21, wakati kidonda chenyewe huenda kimeshafunga na kusahaulika.

Majivu yaliyotoka motoni muda huohuo hayana vijidudu vingi, hilo ni kweli. Lakini majivu yanayopakwa ni yale yaliyolala mekoni, yakapitiwa na kuku na viatu. Na hata yakiwa safi, ni magadi: yanachoma nyama mbichi na kuziba kidonda, nesi asione kilicho chini.

7. Nilichanjwa utotoni. Bado nahitaji sindano ya pepopunda?

Huenda. Kinga hupungua kadiri miaka inavyopita. Kwa aliyekamilisha dozi zake, jeraha chafu linahitaji sindano ya kuongeza nguvu kama imepita miaka 5 tangu ya mwisho, na jeraha safi kama imepita miaka 10. Asiyejua historia yake ahesabiwe kama hajachanjwa.

Hapa niwaseme wanaume wenzangu. Wanawake hupata chanjo hii wakiwa wajawazito. Mwanaume wa Afrika Mashariki anaweza kufika miaka 40 bila dozi hata moja baada ya zile za utotoni, kama alizipata, na ndiye anayeshika jembe, panga na spana kila siku. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliwakutanisha wataalamu juu ya visa vya pepopunda kwa wanaume waliotahiriwa katika mpango wa kuzuia Ukimwi barani Afrika. Baadhi yao walikuwa wamepaka vitu vya kienyeji kwenye kidonda baada ya kurudi nyumbani.

8. Fundi gereji huosha mkato kwa petroli au maji ya betri na anaendelea na kazi. Si inaua vijidudu?

Inaua na nyama pia. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki. Petroli, dizeli na mafuta ya taa huyeyusha mafuta ya ngozi na kuiunguza polepole. Maumivu yale ya kuchoma watu huyachukulia kama ushahidi kwamba dawa "inafanya kazi", kumbe ni seli zilizokuwa zianze kujenga ngozi mpya ndizo zinazokufa. Mafuta ya taa yana hatari nyingine: kitambaa kilicholoweshwa kikisogea karibu na jiko, mwenye kidonda kidogo anageuka mgonjwa wa moto.

Gereji yenye dumu la maji safi, kipande cha sabuni na boksi la plasta haihitaji kingine kwa mikato midogo.

9. Na spiriti, hidrojeni peroksaidi, Dettol, maji ya chumvi?

Spiriti na hidrojeni peroksaidi ni vya ngozi nzima au vyombo. Ndani ya kidonda huharibu nyama changa. Povu la peroksaidi linavutia macho, lakini hutokea kwa sababu ya kimeng'enya kilichomo kwenye damu na nyama yako mwenyewe, kwa hiyo litatoka hata kwenye kidonda kisicho na kijidudu. Dettol ikitumika bila kuchanganywa na maji inaunguza ngozi, na tumeshaona mapaja ya watoto yakibabuka kwa hiyo. Fuata kipimo cha kwenye chupa au iache kabisa.

Maji ya chumvi yanafaa kama kipimo ni sahihi: gramu 9 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa, yaani karibu kijiko cha chai kimoja na nusu, cha kusawazisha. Kujaza chumvi kavu kwenye kidonda ni mateso tu.

10. Asali je? Hata hospitali wanaitumia.

Ni kweli, na hapa jibu ni gumu zaidi kuliko "ndiyo" au "hapana". Asali ina sukari nyingi inayonyonya maji kutoka kwa vijidudu, ina asidi, na hutoa peroksaidi kidogokidogo. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalikuta kwamba majeraha ya moto ya kina cha wastani hupona haraka zaidi kwa asali kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Sukari nayo imefanyiwa utafiti na Moses Murandu, muuguzi aliyekulia Zimbabwe akiona ikitumiwa kwao, ambaye baadaye aliipima kwa wagonjwa nchini Uingereza.

Lakini asali ya hospitali imepitishwa kwenye mionzi ya gama ili kuua vijimbegu vya bakteria. Ile ya chupa ya konyagi inayouzwa stendi inaweza kuwa na uchafu, maji ya sukari guru, na vijimbegu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa wa kupooza misuli. Tena wale wagonjwa walisafishwa kidonda kwanza na kubadilishiwa bandeji na mtu anayejua anachokiangalia. Asali juu ya kidonda chenye usaha kisichosafishwa haifanyi kazi hiyo. Na kwa mtoto chini ya mwaka mmoja usiitumie, wala usimlambishe.

11. Alovera, mwarobaini, kishona nguo, papai: mimea haina kemikali, si salama zaidi?

Mimea imejaa kemikali, na ndiyo maana mingine inatibu na mingine inaua. Alovera imeonyesha dalili nzuri kwa kuungua kudogo kwa juu. Papai bichi lililopondwa limewahi kutumika wodini Banjul, Gambia, kusafisha majeraha ya moto ya watoto, kwa sababu lina kimeng'enya kinacholainisha nyama iliyokufa. Mwarobaini na kishona nguo huonyesha nguvu dhidi ya baadhi ya bakteria kwenye maabara.

Shida iko kwenye njia kati ya mti na kidonda. Jani limekaa na vumbi, limetuliwa na ndege, limetafunwa au kutwangwa kwenye kinu cha kisamvu, na kipimo hakijulikani. Kilichofanya kazi kwenye kisahani cha maabara hakijathibitishwa kwenye mguu wako. Kwa mkwaruzo mdogo uliokwisha kuoshwa, utomvu wa alovera kutoka kwenye jani lililooshwa sitaugombea. Kwa kidonda kirefu, kichafu au cha mtoto mchanga, hapana kabisa.

12. Nimevunja vidonge vya rangi mbili nikanyunyiza unga wake. Hiyo si dawa ya hospitali?

Ni dawa ya hospitali iliyotumiwa mahali isipopangiwa. Unga huo wa antibiotiki ulitengenezwa uyeyuke tumboni na kusafiri kwa damu. Ukimwagwa kwenye kidonda unaganda na majimaji kuwa ukoko, na usaha unabaki chini yake. Kama mtu ana mzio wa penisilini, anaweza kupata upele au hata kushindwa kupumua. Na kidogokidogo hiyo huwafundisha bakteria kuizoea dawa ambayo siku moja utaihitaji kwa nimonia.

Angalia pia mirija ya krimu za mchanganyiko kutoka duka la dawa. Nyingi zina steroidi, ambayo huondoa uvimbe na kuonyesha nafuu huku ikichelewesha kidonda kufunga.

## Kuungua

13. Mtoto amemwagikiwa chai. Nipake dawa ya meno, ute wa yai au unga wa ngano?

Usipake chochote. Mimina maji ya kawaida, yasiyo ya barafu, juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Vua nguo, pete na bangili mapema kabla hapajavimba, isipokuwa nguo iliyonata, hiyo iache. Sehemu nyingine ya mwili wa mtoto ifunikwe asipate baridi. Kisha funika kidonda kwa shashi, kitambaa safi kilichopigwa pasi, au nailoni mpya ya kufungia chakula iliyolazwa bila kukaza.

Ngozi iliyoungua inaendelea kuungua baada ya chai kuondoka, kwa sababu joto limebaki ndani, na maji ndiyo yanayolitoa. Dawa ya meno ina mentholi inayokupa hisia ya ubaridi wakati joto liko palepale, limefunikwa. Ute wa yai bichi unaweza kubeba bakteria wa salmonela. Unga unaganda juu ya kidonda.

Hebu nieleze kinachofuata kwenye meza yetu ya kufungia vidonda. Mtoto analetwa kifua kimekuwa cheupe, dawa ya meno na unga vimekauka na kushika kama lipu ya ukutani. Hatuwezi kujua ameungua kina gani mpaka tuitoe, na bila kujua kina hatuwezi kujua anahitaji maji kiasi gani ya mshipani. Kwa hiyo tunailowesha na kuibandua polepole, na malengelenge yanakuja nayo. Mama amesimama pembeni anaziba masikio. Alitaka kumsaidia mwanawe na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo.

Hospitali ni lazima kama eneo ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au ni uso, mikono, miguu, sehemu za siri au kiungo, au ngozi imekuwa nyeupe kavu na haiumi. Kuungua kusikouma ndiko kulikokwenda ndani zaidi.

14. Muda umepita, au nyumbani hakuna bomba. Bado inasaidia?

Ndiyo. Kupoza kuna faida hadi saa 3 baada ya kuungua. Bila bomba, tumia ndoo na kopo: mwaga taratibu, kinga yanayoanguka kwa beseni, rudia. Mkono au mguu unaweza kuzamishwa kwenye beseni la maji safi, ukiyabadilisha yakipata uvuguvugu. Barafu usiweke, inaua ngozi iliyokwisha kudhoofika.

15. Malengelenge yatumbuliwe?

Yaache. Ngozi ile ni bandeji ya asili. Yakipasuka yenyewe, osha kama swali la 1, usivute ngozi, funika.

16. Nimeungua mguu na ekzosi ya bodaboda. Ni kadogo tu, kuna haja?

Kipoze dakika 20 kama kuungua kwingine (swali la 13). Usikidharau kwa udogo wake: chuma kile ni cha moto sana, na ngozi ya mguu pale pembeni ya muundi ni nyembamba, kwa hiyo kidonda cha ukubwa wa sarafu kinaweza kuwa kimeingia ndani kabisa. Kisipoonyesha kufunga baada ya wiki mbili kionwe.

## Kitovu cha mtoto mchanga

17. Kitovu kinachelewa kudondoka. Nipake mafuta ya nazi, mate, majivu, maziwa ya mama?

Kiache kikavu na kisafi. Kitovu hudondoka chenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili. Kunja nepi chini yake, kikichafuka kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kausha. Mama mkwe au mkunga akisisitiza lazima kiwekwe kitu, mpeleke naye kliniki asikie kwa nesi. Mabishano mengi nyumbani huisha hapo, kwa heshima, bila mzazi mpya kuonekana mkaidi.

Wembe au mkasi wa kukatia kitovu uchemshwe, na uzi wa kukifunga uwe safi. Kitovu ni mlango wazi wa damu, ndiyo maana kinyesi cha ng'ombe na udongo hapo ni hatari kuliko popote. Mtoto mwenye pepopunda hunyonya vizuri siku mbili za mwanzo, halafu kati ya siku ya 3 na ya 28 anashindwa kunyonya na kukakamaa. Uganda mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2012 zilithibitishwa kufikia lengo la kutokomeza pepopunda ya uzazi, yaani chini ya kisa kimoja kwa kila watoto hai 1,000 katika kila wilaya. Chanjo za akina mama ndizo zilizofanya kazi hiyo. Bakteria wenyewe bado wako udongoni.

Kuhusu klorheksidini, dawa ya kupaka ya kuua vijidudu: ilijaribiwa kwa maelfu ya watoto, pamoja na Pemba, na pale Pemba haikupunguza vifo kwa kiasi cha kuthibitika. Kwa hiyo WHO inashauri ukavu na usafi, na klorheksidini kwa wiki ya kwanza pale tu ambapo desturi ya kupaka vitu hatari imeenea. Ukipewa kliniki, ipake kitovuni tu. Imewahi kudhaniwa kuwa dawa ya macho, ikatiwa machoni na kuwapofusha watoto.

## Kuumwa na kuchomwa

18. Nimeumwa na mbwa. Nichome nywele zake nibandike, au nipake pilipili?

Osha sasa hivi, kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili ukitazama saa. Sabuni inamuua kirusi wa kichaa cha mbwa pale mlangoni. Halafu nenda kwenye chanjo siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo, hata kama mbwa ni wa jirani. Nywele na pilipili hazifiki alipo kirusi, ambaye anasafiri kwa neva kuelekea ubongoni. Dalili zikishaanza, kifo ni karibu hakika. Ugonjwa huu huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na wanne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dozi ni kadhaa, kwa tarehe. Ya kwanza pekee haitoshi.

19. Nyoka: jiwe jeusi, kunyonya sumu, kuchanja, kufunga kamba?

Vyote vinne acha. Jiwe jeusi ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, na majaribio kwa wanyama hayakuonyesha likizuia sumu. Linashika kwenye ngozi kwa sababu mfupa uliochomwa una vitundu vinavyonyonya damu. Na nyoka wengi wanaouma huwa hawana sumu au hawajaingiza sumu, kwa hiyo jiwe "linaponya" watu ambao hawakuwa na sumu mwilini. Wembe unaongeza kutoka damu, na sumu nyingine huzuia damu isigande. Kamba inabana sumu ya kifutu mahali pamoja, nyama inaoza, na mtu anakatwa mguu ambao ungeweza kubaki.

Mtulize, asitembee. Vua pete, viatu na bangili. Funga kiungo kwa ubao kama kilichovunjika, mlaze kwa ubavu akitapika, nendeni hospitali. Kwenye bodaboda akae katikati, mtu mwingine amshikilie nyuma. Usimfukuze nyoka. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi. Mkojo usitumie.

20. Nimekanyaga msumari. Nidondoshee nta ya mshumaa?

Nta inaziba tundu, na pepopunda inapenda tundu refu lisilo na hewa. Osha, usizibe kwa chochote kizito, nenda kwa sindano (swali la 7). Kutu yenyewe haina kosa. Udongo ulioshika kwenye kutu ndio wenye shida.

## Hali ngumu

21. Nina kisukari na nina kidonda mguuni. Niloweke kwenye maji ya moto na chumvi?

Usiloweke. Kisukari huua hisia za nyayo, na kuna watu wameungua maji ya moto bila kujua. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku, na wenyewe hawakuamka. Kwa mguu wa namna hiyo kila dawa ya kuchoma inachoma kimyakimya.

Kidonda chochote cha mguu kwa mwenye kisukari ni safari ya kliniki siku hiyo au kesho yake, hata kama hakiumi. Kila jioni kagua nyayo, tumia kioo au mwombe mjukuu. Usitembee peku, hata ndani.

22. Kidonda hakiponi miezi sasa na hakiumi. Nimebadili dawa za miti mara nyingi.

Sitisha, kipimwe. Kinaweza kuwa cha mzunguko wa damu, kifua kikuu cha ngozi, saratani au kidonda cha Buruli, ugonjwa uliopewa jina la eneo la Uganda. Buruli huanza kama kinundu kisichouma, kisha hufumuka na kula ngozi kwa upana. Hutibika kwa vidonge vya rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8. Mgonjwa akichelewa, mkono unaweza kubaki umejikunja.

23. Wanasema nisile nyama, mayai wala maharage, kidonda kitaoza.

Kula. Ngozi mpya hujengwa kwa protini. Ongeza matunda na mboga, kunywa maji, acha sigara.

24. Kwa hiyo mnapinga tiba asili?

Hapana. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, na baraza linalosajili waganga. Mganga mzuri anajua kidonda kisichomfaa na humwambia mgonjwa aende hospitali. Tunachopinga ni kitu kisichopimwa kuwekwa kwenye jeraha wazi, na siku zinazopotea kikisubiriwa kifanye kazi.

25. Nimeshapaka. Naogopa nikienda watanikemea.

Nenda hivyohivyo. Usikwangue nyumbani, utaongeza jeraha. Mimina maji safi, funika, ondoka. Ukifika sema wazi ulichopaka na saa ngapi: majivu, krimu, vidonge, jina la mti. Ukificha, nesi anaweza kudhani ukoko mweusi ni nyama iliyokufa akaukata, au kukupa dawa isiyopatana na uliyonywa. Beba pakiti au jani lenyewe, na kadi ya chanjo kama unayo. Ukikutana na mhudumu anayefoka, muulize mganga mkuu wa kituo. Una haki ya kuhudumiwa, na kidonda chako hakitasubiri uwe jasiri.